Imla ya Mwalimu Machibya

Sura ya Saba

Saa saba mchana, Jumamosi, Inspekta Dorcas Chenge aliingia jikoni mwa Sekondari ya Jiwekuu kwa mlango wa nyuma. Mjane, Odeta, alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mbele yake alilala sangara mkubwa, naye alikuwa anampaa magamba bila haraka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wamefika wote?”

“Bado mmoja. Mgeni rasmi.”

Odeta alinoa kisu kwenye ukingo wa jiwe, mara mbili, akaendelea. “Dorcas, nikuombe kitu kimoja tu. Huyo muuaji, yeyote atakayekuwa, usimkamate ana njaa. Nataka ale kwanza. Ale kilichopikwa na mke wa Machibya, ashibe, ajifute mdomo. Ndipo.”

“Na kama hatapatikana leo?”

“Jumatatu unafunga jalada. Leo ndiyo siku iliyobaki.” Aligeuza samaki upande wa pili. “Mimi moyo wangu unamshuku Mwalimu Nkwabi. Huyo nitampa kichwa cha samaki, kama mkubwa wa nyumba.”

Moyo wa mtu hauingii kwenye jalada.

Kilichokuwa kwenye jalada kilikuwa kifupi. Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mwaka huo wa tisini na nane, Mwalimu Yeremia Machibya wa Kiswahili alikutwa amekufa katika stoo ya vitabu. Pembeni yake palikuwa na kikombe kilichonuka kahawa na dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu, na chini ya kikombe palikuwa na barua. Aliyemkuta ni mkewe, aliyekuja kumwita chakula cha mchana. Polisi waliandika kwamba amejiua. Padri hakuja kaburini. Kaka zake marehemu walimzika jioni ya siku ya pili bila turubai, bila mtu kulala matanga, wakamwambia Odeta ameze kilio chake, kwa maana katika ukoo wao aliyejitoa roho haliliwi. Odeta alikuwa amekimeza kwa miezi miwili na siku kumi.

Dorcas alifungua mkoba, akaitazama tena nakala ya barua, ingawa aliijua kwa moyo. Ilikuwa imechapwa kwa mashine ya ofisi ya shule, ile ambayo herufi yake ya “k” ilikaa juu kidogo ya wenzake.

*Mke wangu nisamehe. Nimeshindwa kuvumiria. Watoto wasome. Msiniririe.*

“Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Siku ile ulipoisoma, ulimwonyesha nani?”

“Hakuna. Niliikunja, nikaitia kifuani, nikampa yule polisi wako mkononi. Kaka zake niliwaambia ameomba msamaha. Basi.”

“Maneno ya mwisho?”

“Hayo sikumwambia hata mwanangu. Ningeanzaje?”

Dorcas aliirudisha barua. Wiki tatu zilizopita alikuwa ameipeleka kwa mkubwa wake, mtu wa pwani, mwenye haki na haraka. Mkubwa aliisoma, akacheka kwa pua. “Chenge, ninyi watu wa Kanda ya Ziwa r na l kwenu ni kitu kimoja. Mwalimu wenu naye alikuwa hivyo hivyo.”

“Afande, si kitu kimoja. Kila mtu anapoteza yake.”

“Maana yake nini?”

“Msukuma kama mimi hupoteza r. Atasema habali, atasema kalibu. Lakini l tumezaliwa nayo, afande, hata tukilewa hatuipotezi. Huyu aliyeandika kuvumiria amepoteza l. Mwalimu Machibya alikuwa Msukuma wa Magu. Alinifundisha mimi.”

Mkubwa alimrudishia barua. “Masikio yako siyo ushahidi. Niletee maandishi.”

Na maandishi ndiyo yaliyokuwa shida.

Ofisi yenye mashine ya kuchapa ilikuwa na funguo tatu. Moja alikuwa nayo Mwalimu Nkwabi, mkuu wa shule. Ya pili alikuwa nayo Owuor, fundi wa mitambo, kwa sababu jenereta ilikaa nyuma ya ofisi. Ya tatu ilikuwa ya Bwana Gidion, mwenyekiti wa bodi ya shule, mwenye boti tisa na magari ya barafu yanayopeleka sangara kwenye viwanda vya minofu. Wote watatu walikuwepo shuleni asubuhi ile. Hati ya Nkwabi ilijaa kwenye ripoti za wanafunzi. Ya Owuor ilikuwa kwenye daftari la mafuta. Ya Bwana Gidion haikuwepo popote. Barua zake zote zilichapwa na karani wake, na sahihi yake ilikuwa mstari uliojikunja kama mnyoo. Hata ulimi wake miaka ishirini ya biashara Mwanza ilikuwa imeuosha. Ukimsikiliza usingejua ametoka Mara.

Hapo ndipo Dorcas alipokumbuka imla.

*

“Shikamoo afande,” alisema Sharon, msichana wa kidato cha nne aliyevaa koti la mitumba lililomfika magotini na kofia ya baba yake. Katika mchezo yeye ndiye aliyekuwa mpelelezi.

“Marahaba, afande mwenzangu. Umeshika maneno?”

“Nimeshika. Ila ile sehemu yako naogopa nitaisoma haraka sana.”

“Isome haraka sana. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Mwalimu alikuwa anasomaje imla?”

Sharon alitabasamu, kisha tabasamu likakatika. “Alikuwa kama anafukuzwa na ng’ombe.”

Mchezo wenyewe ulikuwa wa marehemu. Alikuwa amesikia kwamba huko nje watu hualikwa kula, na katikati ya chakula mmoja wa waigizaji anakufa, na wageni wakiwa mezani wanauliza maswali mpaka wamjue muuaji. Jambo lile lilimpendeza sana. Alisema kwetu mchezo usio na chakula hauna watu, kwa hiyo huu utajaza bwalo. Aliuandika mwenyewe: mlinzi wa mwalo, ufuko wa kushushia samaki, aitwaye Lulinga, anaona watu wakimwaga dawa ya pamba ziwani ili samaki waelee, na kabla hajasema anauawa akiwa anakula. Ulikuwa uigizwe siku ya wazazi. Mwandishi akafa wiki mbili kabla.

Wanafunzi ndio walioomba uigizwe leo, kwa kumbukumbu yake. Dorcas aliongeza kipande kimoja tu.

Mwalimu Nkwabi alimkuta kwenye ngazi za bwalo. Alikuwa amevaa tai, na jasho lilikuwa limeshalowesha kola.

“Kalibu, afande, kalibu sana. Wazazi wamejaa.” Alisogea karibu, akashusha sauti. “Lile jambo letu la jana bado liko pale pale? Kwamba utatazama nani hali samaki?”

“Liko pale pale. Aliyewahi kuua samaki kwa sumu hali samaki asiyemjua. Nilikuambia wewe peke yako, mwalimu. Umemwambia mtu?”

“Mimi? Afande!” Mwalimu Nkwabi aliangalia mabati ya paa.

“Vizuri. Sasa na mimi nikuulize. Mwezi wa nane ulimwandikia Machibya barua ya kumkataza kuigiza mchezo huu. Kwa nini?”

Jasho liliongezeka. “Nani kasema?”

“Nakala yake iko kwenye faili lako la kijani. Mligombana mbele ya walimu wenzenu. Ulimtishia kwamba atakutambua.”

“Nilisema, ndiyo. Hasila tu, afande. Mimi nilikuwa nimeagizwa. Bodi haikuupenda mchezo, bodi ikanituma. Mimi ni mtu wa kutumwa.”

“Bodi nzima?”

Kabla hajajibu, pikapu nyeupe iliingia getini na vumbi lake. Mwalimu Nkwabi alishukuru Mungu kwa uso wake wote, akakimbia kumpokea mgeni rasmi, Bwana Gidion.

*

Watu walikaa meza kumi na mbili. Meza kuu ilikuwa mbele, chini ya ubao ambao tangu bwalo lile lilipokuwa darasa haukuwahi kutolewa. Bwana Gidion alikaa katikati na suti ya Kaunda ya rangi ya kijivu, Nkwabi kulia kwake. Owuor alikuwa ameketi karibu na dirisha ili asikie jenereta ikikohoa. Konstebo Ngosha, bila sare, alizunguka na kreti la soda. Alikuwa amemwaga mbili tayari.

Dorcas alisimama nyuma ya kidirisha cha jikoni na kuangalia sahani.

Ugali uligawiwa, na sangara wa mchuzi wa nyanya. Odeta mwenyewe alibeba sahani za meza kuu. Alimwekea Nkwabi kichwa cha samaki. Nkwabi alikitazama kile kichwa, kikamtazama, akaanza kukisogeza huku na huku kwa kidole.

Bwana Gidion alinawa, akamega tonge, akala. Alikula kama mtu anayetaka aonekane akila. Alimaliza, akainua sahani. “Mama, huyu samaki ni mtamu. Niongezee, kama kumebaki.”

Odeta alimwongezea.

“Nkwabi hali,” Odeta alisema aliporudi jikoni. “Umemwona? Hali.”

“Nimemwona. Na nimemwona anayekula mara mbili.” Dorcas hakuondoa macho kidirishani. “Nkwabi ni mtu asiyeweza kukaa na siri. Nilimpa siri jana ili aitoe. Aliyepewa ndiye anayejilazimisha sasa. Lakini hata hilo si ushahidi, mama. Kuna watu wanapenda samaki tu.”

Mbele, Shimba wa kidato cha tatu, ndiye Lulinga mlinzi wa mwalo, alishika koo, akalia kama mbuzi, akaanguka uso kwenye ugali.

“Wewe Shimba!” mama mmoja alipiga kelele kutoka meza ya nne. “Kufa vizuri, mchuzi huo unamwagikia sare niliyofua mimi!”

Bwalo likavunjika kwa kicheko. Sharon aliingia na koti lake, akawapanga washukiwa watatu wa mchezo, na wazazi wakaanza kuuliza. Waliuliza kwa ukali kuliko polisi. Mzee mmoja wa Mkuyuni alitaka mshukiwa wa pili avue viatu. Hata Bwana Gidion aliinua mkono. “Mimi nauliza hivi: huyu mlinzi alikuwa na uhakika gani na alichokiona? Usiku, ziwani, macho hudanganya.”

Maneno yalitoka safi, kila l mahali pake. Dorcas aliyaandika yote.

Kisha Sharon alipiga meza kwa rula. Haikuwa rula ya mchezo. Ilikuwa ile ya mti, ya futi moja na nusu, iliyojulikana na viganja vya nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Kicheko kilishuka chenyewe.

“Wageni waheshimiwa! Shahidi wa mwisho ametoa maelezo, lakini karani wa polisi amekimbia. Makarani ni ninyi. Tutafanya imla.”

“Imla!” watu wakaguna, wakacheka, wakajikuna. Karatasi na kalamu zilipita mezani.

“Andika jina lako juu. Aliyekosa machache atapewa rula ya mwalimu akae nayo. Marehemu alisema imla haina mkubwa, na kila mtu aandike kwa mkono wake.”

Bwana Gidion alisukuma karatasi yake upande wa Nkwabi. “Mwalimu, niandikie. Miwani nimeiacha garini.”

“Aaa!” ilitoka meza ya nne. “Mgeni rasmi anaibia mtihani!”

“Rula! Apigwe rula!” watoto wakaitikia.

Bwana Gidion alicheka na watu, kwa sababu mtu wa bodi hana budi kucheka na watu. Akairudisha karatasi. Akashika kalamu.

Sharon alianza polepole. “Mlinzi wa mwalo aliitwa Lulinga. Karibu na alfajiri alilala.” Akavuta pumzi, halafu akawa kama anafukuzwa na ng’ombe. “Alipoamka rafiki yake alikuwa amelowa shati lote hakuvumilia alilia akamlilia na wote wakalala matanga mpaka shule ilipofunguliwa. Nukta! Kalamu chini!”

“Rudia!” walilalamika wazee.

“Harudii,” walijibu wanafunzi kwa pamoja, kama walivyozoea kujibiwa.

*

Karatasi hamsini na nane zilikuja jikoni ndani ya karai. Dorcas alitafuta tatu, akaziweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akatoa kalamu nyekundu. Odeta alisimama nyuma ya bega lake.

Nkwabi: *kalibu. Alfajili. Lafiki.* Makosa matatu, yote ya r. *Hakuvumilia* ilikaa sawa, *akamlilia* ilikaa sawa. Dorcas alipiga tiki.

“Si Nkwabi,” alisema.

Odeta alisogea aione karatasi kwa macho yake.

Owuor: *sati. Sule.* Basi. R zake na l zake zilikuwa zimenyooka kama mistari ya daftari. Mjaluo yule alipoteza sh, na kwenye barua ile hakukuwa na neno la kumtega, lakini asingeandika *kuvumiria* hata kwa kulipwa.

Karatasi ya tatu ilianza kwa herufi kubwa kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. *Mlinzi wa mwalo aliitwa Lulinga. Karibu na alfajiri alilala.* Safi kabisa. Alikuwa anajilinda. Mstari wa pili mkono ulianza kukimbia, na mkono ulipokimbia ulirudi nyumbani kwao. *Amerowa. Hakuvumiria. Akamriria. Wakarara.*

Odeta alilisoma neno la tatu kwa kidole. “Akamriria,” alisema taratibu. “Alikaa kwenye kiti changu. Siku ya msiba alikuja na gunia la mchele, akakaa kwenye kiti changu.” Alianza kufungua aproni.

“Bado, mama.”

“Bado nini?”

“Atasema watu wa kwao wote huandika hivyo. Na atakuwa anasema kweli. Nina mkono wake, sasa nataka mdomo wake. Nipe dakika kumi.”

“Nimekupa miezi miwili,” alisema Odeta. Lakini aliifunga tena aproni.

*

Dorcas aliingia bwaloni akiwa ameshika karai. Watu walimpigia makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, na walikuwa hawajakosea sana.

“Mimi ndiye msahihishaji,” alisema. “Nilisoma kwa Mwalimu Machibya, Magu, na kiganja hiki kinaijua rula hiyo. Nitasoma matokeo ya meza kuu, maana wakubwa hutangulia. Mwalimu Nkwabi, makosa matatu. Mwalimu mkuu hana r.”

Bwalo lilicheka mpaka Nkwabi naye akacheka.

“Fundi Owuor, makosa mawili. Hana sh.”

“Afande, mimi sina sida!” Owuor alipaza sauti, na kicheko kikazidi.

“Bwana Gidion, makosa manne. Hana l.” Aliinua karatasi. “Hakuvumiria. Sharon, liandike hilo ubaoni.”

Sharon aliandika kwa chaki. Kisha Dorcas akatoa mkobani karatasi nyingine, akaikunja ili ionekane nusu ya juu tu, akampa. “Na neno la tano la barua hii, liandike chini yake.”

Chaki ilikwaruza. *Kuvumiria.*

Kicheko kilikufa meza moja baada ya nyingine.

“Barua hii ilikutwa stoo ya vitabu, chini ya kikombe,” alisema Dorcas. “Kidato cha nne, mwalimu wenu alikosea l lini?”

“Hajawahi, afande,” walisema wote.

“Imechapwa kwenye ofisi yenye funguo tatu. Wenye funguo wote wako humu, na hati zao ziko kwenye karai hili.”

Bwana Gidion hakusimama. Alijifuta mdomo kwa kitambaa, taratibu, na Dorcas aliona Odeta akilitazama tendo lile kutoka mlangoni.

“Mama Inspekta, utamfunga mtu kwa herufi? Nenda Musoma, kamata mji mzima.”

“Ni kweli, wapo wengi. Ila Musoma hawana ufunguo wa ofisi hii. Fundi Owuor, simama. Mwezi wa nane ulinyanyua nini kutoka kwenye boti ya Bwana Gidion?”

Owuor alisimama akiminya kofia. “Dumu, afande. Dawa ya pamba. Lilikuwa chini ya barafu. Mwalimu alikuwa mwaloni, aliniona nalo.”

“Kwa nini hukusema?”

“Boti ninazotengeneza mimi ni zake zote.”

“Naye mwalimu aliyaona, akayaandika kwenye mchezo. Mwalimu Nkwabi, ulikuwa hujanijibu. Ni bodi nzima iliyoukataa mchezo huu?”

Nkwabi aliangalia mabati, lakini mabati hayakumsaidia. “Mwenyekiti peke yake,” alisema.

“Uongo!” Sasa Bwana Gidion alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake. “Uongo wa watu mnaokula kwangu! Nani anasomesha watoto wenu? Nani ameezeka bwalo hili? Na huyo mwalimu mnamsumbua wa nini? Amekwenda, ameacha maneno yake. Mwenyewe amekataza asiliriwe, ninyi mnamfanyia ngoma na ugari!”

Hakuna aliyecheka.

“Rudia,” alisema Dorcas.

“Nirudie nini?”

“Amekataza nini?”

Ulimi uliooshwa miaka ishirini ulikuwa umechafuka mbele ya watu, lakini hilo lilikuwa dogo. Bwana Gidion aliangalia meza hadi meza, akiwa bado hajajua alipokanyaga.

“Mwalimu Nkwabi,” aliuliza Dorcas, “wewe ulisikia barua ilisema nini?”

“Kwamba ameomba msamaha.”

“Owuor?”

“Msamaha, afande. Basi.”

“Nani humu ndani aliwahi kusikia kwamba Mwalimu Machibya alikataza kuliliwa?”

Hakuna mkono ulioinuliwa. Shimba, maiti wa mchezo, alikuwa ameinua kichwa, ugali ungali kwenye kope.

“Alilijua mkewe, aliyeikuta barua na hakumwambia hata mwanawe. Tunalijua sisi polisi, kwa sababu barua iko kwenye jalada letu. Wa tatu ni aliyeichapa.” Aliikunjua karatasi. “Sharon. Neno la mwisho.”

Sharon alianza kuandika, akasimama katikati ya neno, akamalizia. *Msiniririe.*

Mama wa meza ya nne alilisoma kwa sauti. Mzee wa Mkuyuni alivua kofia. Kisha viti vilianza kusogezwa nyuma, kimoja, vitano, vyote, na wanaume wakaanza kuja mbele bila kusema neno. Bwana Gidion aliuelekea mlango na kumkuta Konstebo Ngosha, na nyuma ya Ngosha nje palikuwa pamejaa wazazi waliokosa nafasi ndani, watu wa mwalo na wa Igoma, ambao watoto wao walikuwa wametapika samaki wa shule, wa boti za Gidion, mwezi wa saba.

Ngosha alimtia pingu mkono mmoja. “Gari iko Kirumba, afande. Nusu saa.”

“Nitoeni hapa,” alisema Bwana Gidion, na sauti ilikuwa imepungua. “Mama, watu hawa wataniua.”

Odeta ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshafika mbele, na watu walikuwa wamempisha bila kuombwa. Mkononi hakuwa na kisu, ingawa Dorcas alikuwa ameangalia hilo kwanza. Alikuwa na chaki.

“Hawatakuua,” alisema. “Umeshakula kwangu. Mume wangu alikuwa na sheria moja. Ukikosa neno kwenye imla, unaliandika mara mia. Huondoki darasani mpaka umalize.”

Bwana Gidion alimtazama Dorcas.

Inspekta alijua ilivyoandikwa kwenye mwongozo wa kazi: mshukiwa atolewe, akae peke yake, aelezwe haki zake. Aliangalia mlangoni, akaangalia saa. “Nje kuna wazazi mia mbili,” alisema. “Humu kuna ubao. Kusubiri gari utasubiri tu, chagua mahali.”

Bwana Gidion alipokea chaki.

Aliandika neno la kwanza kwa mkono usio na pingu, herufi moja moja, kama mtoto. *Msinililie.* La pili. La tatu. Watu walisimama nyuma yake wakihesabu kwa midomo. La saba lilitoka *msinirilie*, na wanafunzi wakasema kwa pamoja, bila kuambiwa, “Futa.”

Alifuta kwa kiganja. Akaandika tena.

Hapo Odeta aliugeuzia ubao mgongo. Aliweka mikono yote miwili kichwani, akafungua mdomo, na kile alichokuwa amekimeza kikatoka. Kilianza chini, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa ziwa, kikapanda mpaka kwenye mabati aliyoyaezeka Gidion. Alimwita mumewe kwa jina lake la ubatizo, kisha kwa jina alilomwita yeye peke yake. Mama wa meza ya nne alimshika kiuno, akapokea. Jikoni wakapokea. Sharon alivua kofia ya upelelezi, akakaa chini sakafuni na koti lake, akalia kama mtoto wa nyumba ile. Nje, wasioona kilichotokea, wakapokea nao, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya msiba na msiba haukosewi.

Dorcas alitoa kalamu, akaandika saa kwenye daftari. Kumi kasoro dakika kumi. Hati haikutoka vizuri, akairudia.

Ubaoni, Bwana Gidion alikuwa amefika ishirini na sita, na mkono ulikuwa umeanza kurudi kwao. Hakuna aliyekuwa anamsahihisha tena.